Neno na Majirani Zake

Siku wazee wa msikiti walipokuja kumjulia hali Nassoro, mgonjwa mwenyewe alitamka neno moja tu, "Kasindi," na mke wake Sikitu akainuka kwenda kumtafutia viatu.

Lilikuwa kosa linaloeleweka. Kasindi iko mpakani mwa Uganda, na Nassoro alikuwa ameendesha lori kutoka Beni kwenda huko tangu ndevu zake hazijaota. Mtu wa namna hiyo akisema Kasindi, utafikiri nini? Sikitu alirudi na viatu vya ngozi, akapiga magoti, akaanza kumvalisha mbele ya wageni huku akijitetea. "Anataka safari. Kila siku ni safari tu. Mi namuambia njia ni mbaya, hapana sikia." Nassoro akavuta mguu. "Kasindi!" akasema tena, na safari hii alipiga kelele. Sahani ya maharage iliyokuwa mapajani pake ikatikisika na mchuzi ukamwagikia kanzu. Mzee mmoja akageuka kutazama ukuta, kama watu wanavyofanya wanapotaka kumsitiri mwenzao.

Binti yao Nasiba akatokea mlango wa nyuma, mikono ikiwa bado na maji. Alitazama sahani, akamtazama baba yake, akarudi jikoni akaleta chumvi. Nassoro akainyunyiza kwa mkono wake wa kushoto, akaonja, akatulia.

"Chumvi inatokaka Kasindi," Nasiba aliwaeleza wageni, kama anayeomba radhi. "Papa amepoteza majina ya bintu. Lakini njia hapana potea. Akitafuta kintu, anaita pahali alikuwa anaipakiaka."

Mmoja wa wazee akataja jina la Mungu kwa sauti ya chini, wengine wakaitikia, na hakuna aliyejua kama walikuwa wanamsikitikia mgonjwa au wanamstaajabia binti. Sikitu alikuwa bado amepiga magoti na kiatu kimoja mkononi. Aliona haya iliyomfika mpaka masikioni. Yeye ndiye mke, na ndiye aliyemfulia, aliyemzalia na aliyemngoja akirudi na vumbi la barabara zote hizo. Sasa mumewe akiomba chumvi anaambulia viatu.

&nbsp;

Mambo hayo yalianzia kwenye barrière moja ya barabara ya Butembo, miaka ile ya uasi ambapo kila kikundi chenye bunduki kilikuwa na kamba yake ya kufungia njia. Askari kijana alimuuliza Nassoro swali kwa Kilingala. Nassoro akachelewa kujibu, na kitako cha bunduki kikamjibia. Alipopata fahamu, mkono wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yamemtoka. Aliwatambua watu wote lakini hakuweza kuwaita. Aliona kikombe, akajua ni cha kunywea, jina lake likamkwepa. Kilichobaki ni barabara. Oicha ilikuwa vidonge, kwa sababu ya hospitali. Komanda ilikuwa kiti au kitu chochote cha mbao. Mutwanga ilikuwa maji, maana hakuna maji aliyoyasifu maishani mwake kama yale yanayoshuka mlimani kule.

Hakuna daktari aliyeueleza mpango huo kwa familia. Aliyeufumbua ni Nasiba, na aliufumbua kwa sababu ya mtihani.

Nasiba alikuwa amepata diploma yake ya sekondari, naye alitaka kuingia chuo cha walimu kule Butembo. Chuo hakikupokea mtu bila concours, mtihani wa kuingilia, na sehemu ya concours iliyowaangusha wengi ilikuwa ile ya msamiati. Unapewa sentensi ya Kifaransa yenye neno usilolijua, au yenye pengo, nawe unatakiwa useme maana. Kamusi hairuhusiwi. Kwa kweli hata ingeruhusiwa, Beni nzima wakati huo ungepata kamusi ngapi? Kwa hiyo mwalimu Malachie, Mprotestanti mmoja mwenye subira, alikuwa anawakusanya watahiniwa kila asubuhi katika darasa ambalo madawati yake askari walikuwa wameyapikia ugali. Vijana walikaa juu ya matofali. Ubao mweusi ulikuwepo, shukuru Mungu, maana ubao wa saruji hauwaki moto.

"Neno ni mugeni," Malachie aliwaambia. "Ukihamia quartier, mutaa mupya, na kuko mutu hapana jua, unafanya nini? Hapana mukimbilie na kumuuliza wewe ni nani. Unaangalia banani banaingiaka kwake, anabeba nini, anaamuka saa gani. Kisha siku mingi unamujua, lakini hapana muuliza kitu. Neno ni vile vile. Tazama majirani zake."

Kisha akawatolea mfano, akichanganya lugha ili hata aliye nyuma asikie. Katika nchi ile aride, ng'ombe walilamba vumbi, na mito ilibaki mawe tu. "Aride ni nini?"

"Kavu!" wakasema wote kwa pamoja, na Nasiba akahisi nywele zinamsimama. Hakuna aliyemwambia. Neno hilo hakuwa amelisikia tangu azaliwe, na sasa alilijua kama jina la jirani. Lilikuwa limefunguka lenyewe kwa sababu ya ng'ombe na mawe. Alitembea mpaka nyumbani akiliwaza jambo hilo kama muujiza, na kwangu mimi lilikuwa muujiza kweli. Mtu mmoja anaandika sentensi huko Ulaya, neno linapita bahari na misitu, linafika Beni katikati ya vita, na msichana aliyeketi juu ya tofali analielewa bila kuambiwa.

Siku hiyo hiyo alimkuta baba yake anamfokea mama yake "Oicha! Oicha!" huku ameshika kichwa, na mama yake anamwambia kwamba Oicha hakuendeki. Nasiba alisimama mlangoni. Hakulitazama neno. Alitazama mkono uliokuwa kichwani, na paji la uso lililokunjamana. Akatoa vidonge mfukoni mwa koti la shule, akampa. Nassoro alivishika vile vidonge akawa anamtazama binti yake, anavitazama vidonge, anamtazama tena, machozi yakimtiririka. Ulikuwa mwezi mzima tangu mtu yeyote amwelewe.

&nbsp;

Jumaine, mdogo wake Nassoro, ndiye aliyekuwa anaendesha lori sasa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebebeshwa mzigo wa kaka yake ghafla, na mzigo wenyewe ulikuwa na breki mbovu. Kila aliporudi safari alipitia hapo nyumbani kumuuliza Nassoro: fundi gani, mteja gani, mlima gani una matope. Nassoro alijibu kwa majina ya barabara, Nasiba akatafsiri, Jumaine akatikisa kichwa kwa mshangao na kwenda zake. Hakuwahi kukosea njia kwa tafsiri hizo.

Alipokuja Jumatatu iliyofuata ile ziara ya wazee, Nasiba alimkaribisha chai, akamngoja anywe, ndipo akasema.

"Baba mudogo, concours ni Jumamosi, siku ya posho. Ijumaa asubuhi minaomba unibebe ku lori mpaka Butembo."

"Kisha concours, unarudia?"

"Minarudia. Lakini kama nimepita, nitaenda kukaa kule. Mama iko na rafiki yake ku Kimemi, pale pale Butembo, amekubali nilale kwake."

Jumaine aliweka kikombe chini. "Basi baba yako anabakia na nani?"

"Na mimi," Sikitu akasema kutoka jikoni.

Jumaine alimgeukia shemeji yake. Hakuwa na nia ya kumuumiza, na labda ndiyo maana maneno yake yaliuma hivyo. "Shemeji, hapana kasirika. Lakini wewe ulimuvalisha viatu wakati aliomba chumvi. Mji wote bameisikia."

Sikitu akarudi kwenye moto wake. Alikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Ni kweli mji wote ulikuwa umesikia. Sokoni mwanamke mmoja alikuwa amemuuliza kama leo mumewe anasafiri wapi, na wenzake wakaficha midomo kwa vitenge.

"Mi hapana kataza masomo," Jumaine akaendelea. "Mtoto wa kaka yangu akiwa mwalimu, ni heshima yangu pia. Lakini kaka yangu ni mutu, hapana mbuzi. Mbuzi ndio unafunga na kuipa majani, unaenda. Mutu anataka mutu wa kumusikia. Sasa niruhusu wewe uende, halafu yeye abakie analia na hakuna anajua analilia nini? Siku ya kiyama nitajibu nini?"

"Umuulize yeye mwenyewe," Nasiba akasema.

"Nitamuuliza. Alhamisi, kisha sala ya alasiri, nitakuya na mzee Juma wa msikiti awe shahidi. Kaka akisema uende, utaenda. Lakini wewe, Nasiba, hapana tafsiri. Wewe ndiye mwenye kesi, na mwenye kesi hapana kuwa mukalimani. Mama yako ndiye atatuambia kile baba anasema. Akimusikia, tutajua kama anaweza kubakia naye. Akikosa..."

Hakuimaliza sentensi. Hata Sikitu, ambaye hajawahi kukanyaga darasa, aliweza kulijaza pengo hilo.

&nbsp;

Kesho yake asubuhi Nasiba hakwenda kwa Malachie. Alikaa na mama yake uani, sombe, majani ya muhogo, ikiwa kwenye kinu baina yao, akaanza kumfundisha.

"Mama, sikia. Mwanamuke alifunga mulango na madirisha, lakini ata vile vumbi iliingia tu, nguo zote zikaanguka ku kamba. Nini iko inje?"

Sikitu aliacha kutwanga. "Upepo."

"Nani amekuambia upepo?"

"Hakuna." Sikitu akajiangalia mikono, kana kwamba upepo ungekuwa umetokea huko. Kisha akatabasamu kwa aibu. "Ni nguo. Ni nguo ndio zimeniambia."

Wakaendelea. Nasiba akamletea maneno ya Kifaransa aliyokuwa akijifunza mwenyewe, akiyapandikiza ndani ya Kiswahili cha nyumbani. Mzee yule ni frugal, anapewa ndizi mbili anarudisha moja, na anashukuru. Sikitu akafikiri. "Ni mutu hapana na tamaa ya chakula." Jirani yetu ni bavard, ukimuomba moto utarudi na moto imezimika. Sikitu akacheka mpaka akashika mbavu, akamtaja jirani mwenyewe kwa jina. Alikuwa anaona ajabu. Miaka yote alifikiri Kifaransa ni nyumba yenye ufunguo, na kwamba ufunguo walipewa waliosoma. Kumbe mlango ulikuwa wazi upande wa nyuma. Siku nzima alikwenda huku na huku akinong'ona frugal, bavard, aride, kama mtu aliyeokota ushanga wenye rangi na anaogopa mwenyewe asije akautaka.

Lakini uani ni kitu kimoja, na mbele ya mumewe ni kingine. Jioni Nassoro alisema "Komanda," akionyesha kidole upande wa ukuta, na kabla kidole hakijatulia Sikitu alikwisha kuleta kigoda. Nassoro akakisukuma. Akaleta meza ndogo. Nassoro akaisukuma vilevile. Akaleta mwiko. Baada ya mwiko Nassoro akalala akajifunika uso, na Nasiba akaenda kufunga dirisha la mbao, lililokuwa linampulizia baridi ya mvua.

"Mama," Nasiba akasema taratibu walipokuwa wawili, "unakamata neno moja na kukimbia nayo. Hapana ngojea majirani zake bafike."

"Ninaogopa."

"Unaogopa nini?"

Sikitu aliokota ule mwiko. "Akisema kintu na mi hapana sikia, ninaona kama amekuwa mugeni. Ao mimi ndiye mugeni. Ndio maana ninakimbia. Nikiwa nakimbia, hapana muona uso."

Hilo halikuwa swali la concours. Nasiba alimshika mama yake mkono wenye harufu ya sombe. Jumatano walijaribu tena, na Sikitu akapata maji, akapata vidonge, akakosa shuka, akakosa redio. Usingempitisha kwa maksi hizo.

&nbsp;

Alhamisi Jumaine alifika na mzee Juma, kama alivyoahidi. Walipanga viti barazani. Nassoro alivalishwa kanzu safi, akaketishwa katikati, mkono wake mlegevu mapajani. Nasiba aliambiwa akae mbali kidogo, kwenye ngazi, na afunge mdomo. Alifunga mdomo.

Mzee Juma alisoma fatiha. Kisha Jumaine akasogeza kiti, akamshika kaka yake goti, akaongea naye kwa heshima na polepole.

"Kaka. Mutoto wako Nasiba anataka kuenda Butembo kufanya concours. Akipita, atakaa kule. Mi nataka wewe mwenyewe useme. Aende, ao abakie?"

Nassoro alimtazama ndugu yake. Akageuka akamtazama Nasiba. Midomo ikaanza kutafuta. Ilikuwa inatisha kuitazama ile kazi: mtu mzima aliyewahi kupitisha lori lenye magunia kwenye daraja la magogo mawili, sasa anahangaika kuvusha neno moja kutoka kifuani mpaka kwenye ulimi. Jasho likamtoka. Kila mtu pale barazani alikuwa anasukuma naye kimoyomoyo.

"Butembo," akasema.

"Ndiyo, Butembo," Jumaine akajibu. "Aende?"

Nassoro akainua mkono wa kushoto, akamwonyesha Nasiba. Kisha akasema: "Lubero."

Wanaume wakatazamana. Lubero iko mbele ya Butembo, huko juu milimani. Nassoro hakuwa amelitumia neno hilo tangu aumie. Nasiba alilitafuta haraka kichwani mwake na akakuta kitu kimoja tu: viazi. Ni viazi ambavyo malori hupakia Lubero. Lakini viazi na concours wapi na wapi? Hakujua. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya vidonge, hakujua.

Sikitu alikuwa amekwisha kuingia ndani. Alitoka na beseni la viazi, akaliweka miguuni pa mumewe. "Anasema mutoto apewe viazi vya kubeba," akatangaza, akihema. "Chakula ya njia."

Nassoro alitazama viazi. Akajipiga paja kwa mkono ule mzima, mara moja, kwa nguvu, akageuza uso. Kiazi kimoja kikaviringika kutoka kwenye beseni hadi kwenye kiatu cha mzee Juma. Mzee akakiokota, akakirudisha kwa adabu, jambo ambalo lilifanya aibu iwe kubwa zaidi.

"Basi, shemeji," Jumaine akasema kwa upole. "Umejaribu. Tumeona." Akaanza kuinuka. "Nasiba, mwaka ujao tena, inshallah. Labda baba atakuwa amepona."

Nasiba aliinamisha kichwa kwenye magoti. Alitaka kulia, na alitaka kusema, na vyote viwili alikuwa amekatazwa.

"Ngojea," Sikitu akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini Jumaine alibaki ameinama nusu, hajasimama hajaketi. Sikitu alisogeza beseni pembeni kwa mguu. Akaketi chini, sakafuni, mbele ya mumewe, karibu kiasi kwamba magoti yao yaligusana. Watu walikuwa wanatazama, na yeye hakuwatazama. Alikunja kitenge chini ya mapaja yake kama mwanamke anayejiandaa kukaa sana.

"Papa Nasiba, sema tena. Mi niko hapa. Leo hapana kimbia."

Nassoro hakugeuka. Sikitu akangoja. Gari la askari likapita barabarani, Kilingala chao kikasikika kikacheka kikaisha, naye bado anangoja. Mwishowe Nassoro akamrudishia uso.

"Lubero," akasema.

Sikitu hakuinuka. Alimtazama machoni.

"Butembo," Nassoro akasema. Akamwonyesha Nasiba. "Lubero." Kisha mkono wa kushoto ukapanda polepole, ukavuka kifua chake, ukashika bega la kulia, lile lililokufa. Ukalisugua.

Sikitu alitazama mkono huo. Kitu kikapita usoni mwake. Mdomo ukafunguka kidogo, macho yakaacha kuiona baraza. Nasiba aliyaona macho yale na akajua kwamba mama yake yuko mahali ambapo yeye hawezi kumfuata, kwa kuwa alikuwa hajazaliwa.

Ulikuwa mwaka wa ndoa yao. Nassoro alikuwa amemchukua bibi harusi wake kwenye lori aone dunia, na lori likazama kwenye matope juu ya Lubero, mvua inanyesha na ukungu umeingia mpaka ndani ya kabini. Sikitu, mtoto wa Beni, hakuwa amewahi kuonja baridi ya namna hiyo. Alitetemeka mpaka akashindwa kusema. Nassoro akavua koti lake kubwa la dereva, akamvalisha, akamsugua mabega mpaka kulipokucha, yeye mwenyewe akiwa na shati tu. Hawakuwahi kumsimulia mtu habari hiyo. Kuna mengine ya mume na mke ambayo hayana haja ya kusimuliwa.

Sikitu akainuka. Hakukimbia. Aliingia ndani akitembea, wakamsikia akifungua sanduku kubwa, akiondoa vitu, akitafuta chini kabisa. Alipotoka alikuwa amebeba koti zito la rangi ya kahawa, lililoliwa na nondo kwenye kola. Alimpita Jumaine, akampita mzee Juma, akafika kwenye ngazi.

"Simama," akamwambia binti yake.

Nasiba alisimama, na mama yake akamvalisha koti, mkono mmoja halafu wa pili, akamfunga vifungo mpaka juu. Kisha akampeleka mbele ya baba yake.

Nassoro alimwangalia. Kifua kikampanda na kushuka. "Lubero," akasema, safari hii kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Lubero, Lubero." Na akawa anamtazama mke wake, si binti, kwa mshangao mkubwa ambao haukuwa na haja ya jina la mahali popote. Mzee Juma alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Jumaine ndiye aliyejikaza kwanza. "Shemeji, sawa, ni koti. Nimeona ni koti. Lakini mi nilimuuliza aende ao abakie. Hiyo hapana jibu bado."

Sikitu aligeuka. Nasiba hakuwa amewahi kumsikia mama yake akijibu mwanaume mbele ya mzee wa msikiti.

"Jumaine," akasema, "Butembo ni baridi, hapa ni joto. Wewe ulisha ona mutu anavalisha mutoto koti ya baridi ili abakie ku joto?"

Jumaine alimtazama kaka yake, ambaye alikuwa anatikisa kichwa kukubali, tena na tena, machozi na kicheko vikimtoka pamoja. Alimtazama mzee Juma, na mzee Juma akamtazama yeye kwa namna ya kusema, unangoja nini tena?

"Lori linatoka mapema," Jumaine akasema hatimaye. "Kabla ya barrière kuamuka. Ukichelewa, mi ninaenda."

Nasiba alitaka kushukuru, lakini maneno yote ya Kifaransa na ya Kiswahili aliyokuwa ameyakusanya kwa majuma hayo yalikuwa yamemkimbia. Alisimama tu ndani ya koti la baba yake, lililomfika karibu na vifundo vya miguu, akimstaajabia mwanamke huyo aliyemzaa. Alikuwa amemfundisha kuwatazama majirani wa neno. Hakujua kwamba kuna majirani wanaokaa ndani ya mtu kimya kimya, wakingoja siku watakapohitajika, na kwamba mama yake alikuwa na mtaa mzima wao.

Mikono ya koti ilikuwa mirefu mno, ikafunika vidole. "Na kalamu utaishika na nini?" Sikitu akauliza, akaanza kuikunja, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto.